psycopg2 inadai jedwali halipo, na wewe unaliona

Mwenzangu alinitumia kosa hili huku akiapa kwamba hajagusa msimbo:

    UndefinedTable: relation "mauzo.wateja" does not exist

Skripti yake ya Python hupakia CSV kwenye hifadhidata ya PostgreSQL kwa `copy_from` ya psycopg2, maktaba inayoiunganisha Python na PostgreSQL. Msimbo kweli hakuugusa, ila alikuwa amehamia seva mpya na kusakinisha maktaba upya.

Hatua ya 1. Kwa muunganisho uleule wa skripti, si psql yako (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), endesha `SELECT current_database(), current_user;`. Ukikuta hifadhidata siyo, umemaliza.

Hatua ya 2. Tazama jina lilivyoandikwa hasa:

    SELECT schemaname, tablename FROM pg_tables
    WHERE tablename ILIKE '%wateja%';

Achana na `information_schema` hapa. Huficha majedwali usiyo na ruhusa nayo, ukadhani hayapo. Ukikuta skima (fungu la majedwali) `Mauzo` yenye M kubwa, chanzo ndicho hicho: jina lisilo na alama za nukuu PostgreSQL hulishusha kuwa herufi ndogo (Oracle hulipandisha). Mimi hubadilisha jina lenyewe, `ALTER SCHEMA "Mauzo" RENAME TO mauzo;`, baada ya kuangalia nani mwingine analitumia.

Hatua ya 3. Tazama amri iliyofika kwenye seva. Hapa ndipo watu hukesha, kwa sababu ujumbe wa kosa haukuambii kitu. PostgreSQL ikikosa jedwali `wateja` ndani ya skima `mauzo`, huandika "mauzo.wateja". Ikikosa jedwali ambalo jina lake zima ni `mauzo.wateja`, nukta ikiwa sehemu ya jina, huandika vilevile, herufi kwa herufi. Ukodolee macho hadi asubuhi, hutaona tofauti.

Fungua logi ya seva. Kwa mipangilio ya kawaida, amri iliyokataliwa huandikwa chini ya kosa lake:

    STATEMENT:  COPY "mauzo.wateja" ("jina","simu") FROM stdin ...

Nukuu zimefunga skima na jedwali kwa pamoja. Ilitakiwa `"mauzo"."wateja"`, nukta ikae nje. Tangu psycopg2 2.9, `copy_from` na `copy_to` hulitia nukuu jina la jedwali zenyewe, kwenye 2.8 zilikuwa zikilibandika lilivyo. Na usijaribu kuwahi kwa kuweka nukuu zako ndani ya jina, psycopg2 itazirudufu, upate `"""mauzo"".""wateja"""`.

SQLAlchemy, maktaba nyingine ya Python ya hifadhidata, nayo ni vivyo hivyo: `Table("mauzo.wateja", ...)` hukwama, andika jina `wateja` tu na `schema="mauzo"` kando. Ninayoiogopa zaidi ni `to_sql` ya pandas, maktaba ya kuchakata data. Ukiipa "mauzo.wateja" kama jina, hailalamiki, huunda jedwali jipya lenye nukta katikati, kwa kawaida ndani ya `public`, na data yako inaingia humo kimyakimya. Ndiyo maana nimeweka zile `%` kwenye hatua ya 2, zikamate jina lolote lenye `wateja` ndani yake.

Hatua ya 4. Rekebisha:

    from psycopg2 import sql

    amri = sql.SQL(
        "COPY {} (jina, simu) FROM STDIN WITH (FORMAT csv)"
    ).format(sql.Identifier("mauzo", "wateja"))
    cur.copy_expert(amri, faili)

`Identifier` hupokea vipande viwili kuanzia 2.8. Tena `FORMAT csv` huelewa koma iliyo ndani ya nukuu, jambo ambalo `copy_from` haliwezi. Usipitishe jina la jedwali kwa `%s`: hiyo ni ya thamani, na itakupa `'wateja'` yenye nukuu moja moja na kosa la sintaksia.

Wapo watakaokwambia uweke `search_path` (orodha ya skima za kutafutia majina) uandike `wateja` tu. Itafanya kazi, hadi siku utakapowekewa PgBouncer (programu ya kugawana miunganisho) ya hali ya transaction katikati, ambapo muunganisho mmoja hutumiwa na wengi na mpangilio wako unamfuata mtu mwingine. Sipendi.

Kabla ya kujaribu tena kwenye muunganisho uleule, `conn.rollback()`. Bila hiyo utaambiwa `current transaction is aborted` hata kama amri sasa iko sawa.