Jinsi ya kuangalia michoro ya zamani ya Ulaya ya wanawake wakishona

Wengi wakiona mchoro wa mwanamke kainamia kitambaa wanasema "katulia huyo" halafu wanapita. Usipite. Anza na mikono, uso utaucheki baadaye, jiulize anashona, anadarizi au anatengeneza lesi (kile kitambaa cha nyuzi zilizosukwa chenye matundu matundu), maana hizo ni kazi tofauti na wachoraji walizijua vizuri tu.

Chukua ile ya Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, ya mtengeneza lesi, ya kama 1669 au 1670, iko jumba la makumbusho la Louvre pale Paris. Kamchoro kadogo, kama sentimita 24 kwa 21 tu. Kuza mikono uone, sindano hakuna, kuna pini zimechomekwa kwenye mto na vijiti viwili vimezungushiwa uzi, na huo uzi umevutwa ukakaza, mwembamba balaa lakini unauona wazi. Sasa hamia kushoto, nyuzi nyekundu na nyeupe zimetoka kwenye mto wa vifaa zimeparaganyika kama rangi iliyomwagika, yani ukungu mtupu. Kafanya makusudi yule mzee, anataka jicho lako likae pale pale binti alipokodoa.

Ukimaliza mikono shuka sakafuni. Kwenye mchoro wa Caspar Netscher wa 1662 (uko jumba la Wallace Collection, London) mwanamke kageukia ukutani uso huuoni vizuri, fagio lipo, magamba ya kome yapo chini, viatu kavua. Kuna wanaosema viatu na kome ni mafumbo ya mapenzi, mi naona kavua tu miguu ipumue.

Halafu swali ambalo watu hulisahau, nguo ni ya nani? Binti wa Vermeer kavaa gauni la njano na kola pana nyeupe, nywele zimetengenezwa, huyo hashonei njaa. Mlinganishe na mshonaji aliyechorwa na Mwingereza Richard Redgrave mwaka 1846, yuko jumba la sanaa la Tate, London, anashona mashati ya watu kwa ujira kiduchu, kachoka mpaka macho kayainua juu, na saa ya ukutani ni nane na nusu, usiku huo! Uzi ni ule ule ila maisha tofauti kabisa.

Kama unatumia simu fungua tovuti ya jumba lenyewe la makumbusho, picha za kuokota okota mtandaoni zimebanwa mno, ule uzi wa Vermeer hutauona kabisa.