Kuingiza mfereji wa kijiji kwenye bajeti ya halmashauri

Kijiji kinachoitisha mkutano wa vipaumbele mwezi Mei kimeshachelewa mwaka mzima. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, lakini Mei makadirio yameshatoka halmashauri, yamepita Sekretarieti ya Mkoa, TAMISEMI na Hazina, na Bunge liko Dodoma linayajadili. Hakuna diwani atakayeyafungua tena. Atakachofanya ni kuahidi, na ahadi haina kasma, yaani namba ya fungu kwenye bajeti.

Mfano tutakaoufuata hapa ni wa kijiji cha ukanda wa juu wa Wilaya ya Moshi, ule wa migomba na kahawa, kinachotaka kujengea mita 200 za mfongo (mfereji) wake wa asili ambao maji yanazama kabla hayajafika vihamba (mashamba ya nyumbani) vya chini. Ukiwa na bwawa la samaki, ghala au josho, hatua ni zilezile. Hesabu tu ndizo zinabadilika.

Tarehe kwanza

Ukihesabu kwa kurudi nyuma, mambo yanakaa hivi. Bunge la bajeti ni Aprili hadi Juni. Baraza la Madiwani na kamati zake hupitisha rasimu kati ya Januari na Februari. Mwongozo wa Hazina na ukomo wa bajeti kwa kawaida hutoka karibu na Novemba, na hapo wataalamu wa halmashauri huanza kukata kilichozidi. Kwa hiyo Kamati ya Maendeleo ya Kata inatakiwa iwe na karatasi yako Oktoba, mkutano mkuu wa kijiji uwe umepitisha Septemba, na vitongoji viwe vimekaa Julai na Agosti.

Desemba msiitegemee kwa vipaumbele. Ni kweli watu wote wa mjini wamerudi nyumbani kwa Krismasi, mkutano unajaa na maneno ni mengi, lakini wengi wao Januari hawapo na mfongo hawaujui tena unapopita. Desemba ni ya michango. Wapelekeeni mchanganuo uliokamilika na daftari la risiti, msiwapelekee swali la "tufanye nini."

Mlango wa kugonga

Maombi mengi hufa kwa sababu yamepelekwa pasipohusika. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017. Maji ya kunywa vijijini yako RUWASA tangu 2019. Skimu kubwa za umwagiliaji ni za Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Kijiji kikiomba daraja, kisima na mfereji katika barua moja kwa Mkurugenzi, barua itazunguka ofisi tatu na kurudi masijala. Andika barua tatu.

Ukarabati mdogo wa mfereji wa asili unaweza kuombwa halmashauri kupitia idara ya kilimo, kwa fedha za mapato ya ndani. Kabla ya hapo hakikisha kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi zake Moshi, kipo na ada yake imelipwa. Mfereji usio na kibali ni sababu rahisi kuliko zote ya kukukata, na afisa mipango ana haki ya kuitumia.

Kupima hasara kwa gunzi

Sentensi kama "wananchi wanateseka na uhaba wa maji" kila kijiji huiandika, kwa hiyo haimsaidii mtu anayechagua. Namba inamsaidia, na kuipata hakuhitaji mtaalamu.

Chagua kipande kilichonyooka juu, pale mita 200 zinapoanza. Pima mita 10 kwa kamba, weka mambo (vigingi) mbili. Tupa gunzi la mahindi katikati ya maji, hatua kadhaa juu ya mambo ya kwanza, uhesabu sekunde kutoka mambo moja hadi nyingine. Rudia mara tano, chukua wastani. Pima upana wa maji na kina chake sehemu tatu, chukua wastani pia. Mwendo wa gunzi zidisha kwa 0.8, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Kisha shuka mwisho wa mita 200 ufanye hivyohivyo.

Tuseme juu upana ni mita 0.6, kina 0.25, gunzi limetumia sekunde 25. Mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde, ukizidisha kwa 0.8 unapata 0.32. Eneo la maji ni 0.15. Jibu ni lita 48 kwa sekunde. Chini upana ni uleule, kina 0.20, gunzi limechukua sekunde 40: unapata lita 24. Nusu ya maji imezama njiani, sawa na lita 86,400 kila saa. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya andiko lako.

Pimeni siku ambayo vijitanda vyote vya katikati, yaani vijifereji vinavyopeleka maji vihambani, vimefungwa. Mtu mmoja akiwa amefungulia maji kwenye kihamba chake kimyakimya, mtakuwa mmepima wizi mkaupa jina la uvujaji, na injinia akija kupima tena mtaaibika.

Mchanganuo

Chukueni mfereji wa ndani sentimita 50 upana na 50 kina, kuta za mawe unene wa sentimita 30, sakafu ya zege sentimita 10. Injinia wa halmashauri ndiye atakayethibitisha vipimo, lakini mpelekeeni kitu cha kusahihisha badala ya karatasi tupu.

Sakafu ni 1.1 × 0.1 × 200, yaani mita za ujazo 22. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) inakula takribani mifuko 97 ya saruji, mchanga mita za ujazo 10 na kokoto 20. Kuta mbili ni mita za ujazo 60; mawe yaliyolundikwa ya kuzijenga ni kama 72, na udongo wa kujengea (saruji na mchanga) wa 1:4 ni kama mita za ujazo 20, yaani mifuko 144 na mchanga 20. Lipu ya ndani na juu ya kuta ni mita za mraba 320. Kwa unene wa sentimita 1.5 na mchanganyiko wa 1:3 ni mifuko 43 na mchanga 5. Jumlisha, ongeza kidogo kwa upotevu, utapata hivi (bei ni za mfano wa hesabu tu, za kwenu zitoke dukani kwa maandishi, maduka matatu):

- Saruji mifuko 300 × 18,000 = 5,400,000
- Mchanga m³ 40 × 35,000 = 1,400,000
- Kokoto m³ 23 × 60,000 = 1,380,000
- Mawe m³ 75 × 30,000 = 2,250,000
- Ufundi mita 200 × 20,000 = 4,000,000
- Kusomba saruji toka barabarani, mifuko 300 × 1,000 = 300,000

Jumla 14,730,000. Weka dharura asilimia 10, yaani 1,473,000, ufike 16,203,000.

Mstari wa kusomba ndio unaosahaulika kuliko yote huku milimani. Tipa hushusha pale barabara inapoishia, na mfongo uko nusu saa kwa miguu, mteremko, utelezi. Mchanga m³ 40 ni zaidi ya tani 60. Kama hamna fedha ya punda wala vibarua, basi iandikeni wazi kuwa ni kazi ya msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji), mgawe kwa kaya: idadi fulani ya ndoo kila kaya, na mwenyekiti wa kitongoji anaweka tiki. Dharura nayo si pambo. Saruji ikipanda shilingi 2,000 kwa mfuko kati ya Septemba mlipouliza na siku ya kununua, laki sita zimeshaondoka.

Sasa toeni mchango wenu. Wananchi wakikusanya mawe wenyewe, 2,250,000 zinahamia upande wa kijiji. Uchimbaji, kwa kuwa mfongo tayari upo, ni kama m³ 66. Mtu mmoja huchimba m³ 2 kwa siku, hivyo ni siku-kazi 33, na kwa thamani ya 8,000 kwa siku ni 264,000. Mchango wa kijiji unakuwa 2,514,000 na, kwa kuwa uchimbaji haukuwamo kwenye jumla ya juu na kinachotolewa ni mawe tu, ombi kwa halmashauri ni 13,953,000. Msiizungushe kuwa milioni 14, na msije mkaandika milioni 20 "ili wakikata tubaki na kitu." Anayesoma mia ya haya kwa wiki anaitambua namba ya kubuni, na akiigundua moja hukata zote.

Nani atalipia mwaka wa tatu

Hapa ndipo ombi la kijiji kimoja hulipita la kingine, na wengi huliandika kwa mstari mmoja. Onyesha kaya zinazotumia mfongo, ada kwa mwaka, anayeikusanya, na kitakachofanyiwa. Kaya 120 kwa shilingi 10,000 ni 1,200,000: inatosha kusafisha tope baada ya masika, kuziba nyufa, na kumlipa kidogo msimamizi wa zamu. Ambatanisha orodha ya majina na sahihi. Kama wapo wanaodaiwa ada ya miaka iliyopita, elezeni mtafanyaje. Msifiche, diwani anawajua.

Pia onyesheni halmashauri itapata nini. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 na anayelipa ni mnunuzi. Tani 40 za kahawa kwa bei ya mfano ya 6,000 kwa kilo ni milioni 240. Ushuru wake ni 7,200,000. Takwimu za tani chukueni chama cha msingi, kwenye stakabadhi za miaka mitatu iliyopita, mchukue wastani. Mwaka mmoja mzuri wa kahawa usiwadanganye. Mwaka unaofuata mibuni hupumzika.

Muhtasari wenye nguvu

Kila kitongoji kilete mahitaji yake yote, hata yakiwa 15. Mkutano wa kijiji uyapunguze kwa kulinganisha mawili mawili: mfongo au choo cha shule? Choo au ghala? Mnanyoosha mikono, mnahesabu, linaloshinda mara nyingi linakuwa la kwanza. Inachosha, lakini inamzuia mtu mmoja mwenye sauti kubwa. Msiweke mkutano siku ya gulio, maana akina mama, ambao ndio wanaomwagilia mboga, watakuwa sokoni.

Muhtasari uwe na tarehe, mahudhurio yenye sahihi, idadi ya kura, sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji wa kijiji, na muhuri. Nakala nne: kijiji, mtendaji wa kata, diwani, idara ya mipango. Ile ya idara ipokelewe masijala na igongwe muhuri wa tarehe kwenye nakala mnayobaki nayo. Halafu Januari mwulizeni afisa mipango swali moja: mradi umeingizwa kwenye PlanRep (mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri), na kasma yake ni ipi? Kama hauna kasma kwenye mfumo huo, haumo, hata kama ulisomwa kwenye baraza na kupigiwa makofi.

Fedha na mvua

Mkipitishwa, msipange kujenga Julai. Mwaka wa fedha huanza siku hiyo, lakini fedha hufuata makusanyo, na ununuzi lazima upite kwenye mfumo wa serikali wa NeST. Zaidi ya hapo, Julai hadi Septemba ni kiangazi ambacho walima nyanya na mboga wanautegemea mfongo huohuo. Ukiufunga wiki tatu umezua vita. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Dirisha zuri ni Januari na Februari, kabla ya masika ya Machi, mkijenga kwa vipande vya mita 50 na kuyapitisha maji pembeni kwa mtaro wa muda. Mkipitiliza hadi Juni, 30 Juni inawakuta na bakaa (fedha isiyotumika), na kuirudisha mikononi mwenu ni barua upya.

Fundi asimamiwe kwa ndoo. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, hivyo 1:4 ni mfuko mmoja kwa ndoo 7 za lita 20 za mchanga, si "toroli tatu zilizojaa." Kwa sakafu ya 1:3:6 ni ndoo 5 na kidogo za mchanga na 10 na nusu za kokoto. Mjumbe mmoja wa kamati akae pale na ndoo kuanzia asubuhi. Ukuta umwagiliwe siku 7 na ufunikwe magunia mabichi au majani ya migomba, ambayo huku hayana bei.

Kazi ikiisha rudini na kamba, mambo na lile gunzi, palepale mlipopima mwanzo, vijitanda vikiwa vimefungwa. Lita za juu, lita za chini, na shilingi zilizotumika ziandikwe ubaoni ofisi ya kijiji kabla ya mkutano mkuu wa robo mwaka, na nakala iende idara ya kilimo pamoja na ombi la mita 200 zinazofuata.