Kununua kipimajoto cha jikoni, cha kashata na cha kukaangia

Jirani yangu hapa Nairobi anauza kashata za njugu, na juzi kaniletea kipimajoto chake kipya akisema ni kibovu, manake alifuata resipe ya Kimarekani mpaka nyuzi 149 (wao huandika 300 za Farenhaiti) na sukari ikatoka nyeusi yenye uchungu. Tulikikagua pamoja tukakuta ni kizima kabisa. Kwa hivyo hizi hapa hatua, na nyuzi zote nilizoandika ni za Selsiasi.

Hatua ya 1: mwisho wa kipimo
Kifike 200 au zaidi. Mandazi na sambusa zinataka mafuta ya 170 hadi 180, kashata ya nazi karibu 115, ya njugu karibu 150. Cha hospitali kinakomea 42, usikilete jikoni.

Hatua ya 2: aina
Chukua cha dijitali chenye sindano nyembamba. Cha saa ya mviringo mie sikipendi kwa kashata, kwa sababu sehemu inayohisi joto inapanda sentimita kadhaa juu ya ncha, na shira yako kwenye sufuria pana haina kina hicho, basi nusu yake inapima hewa. Cha kioo kinachobanwa ukingoni mwa sufuria ni kizuri kwa sukari lakini kikipasuka chungu chote unamwaga. Cha bastola, kile unachokielekeza kwa mbali bila kugusa, kinasoma juujuu tu, na shira ikitoa mvuke na mapovu kinadanganya.

Hatua ya 3: kijaribu kabla hujakiamini
Hapa ndipo watu wanapotea. Ponda barafu, jaza glasi, tia maji kidogo, koroga, tumbukiza ncha katikati bila kugusa glasi, subiri itulie. Lazima isome 0, uwe Lamu au Limuru. Ikipita nyuzi 2 juu au chini, rudisha dukani.

Halafu chemsha maji yatokote kwelikweli, ncha isiguse chini ya sufuria. Mombasa, Dar na Unguja utaona 100. Arusha kama 95, Nairobi na Nakuru kama 94, Eldoret kama 93. Hicho si kibovu jamani! Ukipanda juu hewa inapungua mgandamizo na maji yanachemka mapema, na shira ni maji na sukari, nayo inafuata hivyohivyo. Kwa hiyo toa tofauti kwenye resipe: maji yako yakichemka kwa 94, umekosa 6, basi 149 inakuwa 143 na 115 inakuwa 109. Jirani alipoipua kwa 143 kashata zilikatika vizuri na rangi ya dhahabu.

Lakini sikiliza, hesabu hii ni ya sukari PEKE YAKE. Mafuta hayachemki pale unapokaangia, wala hayajui uko mlimani au pwani, 180 ni 180, hesabu hiyo usiitumie. Na kama kipimajoto chako kina kitufe cha kurekebisha na karatasi yake inasema chemsha maji ukiweke 100, usifanye hivyo Nairobi, utakuwa umekiharibu kwa nyuzi 6 na mafuta yako yatakuwa baridi kuliko unavyosoma, mandazi yanywe mafuta. Rekebisha kwa barafu tu.

Hatua ya 4: kukitumia
Ncha iwe katikati ya shira, isiguse chuma. Sukari ikishafika 105 hivi inapanda polepole halafu ghafla inakimbia, punguza moto mapema usiende kushika simu. Ukimaliza, loweka sindano kwenye maji ya moto, sukari itayeyuka yenyewe, usikwangue kwa kisu, na kichwa chenye betri kisilowe. Kabla ya kukitia kwenye karai la mafuta kifute kikauke kabisa, tone moja la maji linatosha kukurushia mafuta usoni.