Somo: Kufungasha kwa Safari ya London Mwezi wa Aprili Ukiwa na Watoto

Habari zenu ndugu zangu. Kila likizo ya Aprili ikikaribia naulizwa swali lilelile: "Tunakwenda London na watoto, tubebe nguo gani?" Nimeona afadhali niandike mara moja, kwa mpangilio.

Sisi mara ya kwanza tulitoka Mombasa na makoti manene ya theluji, kila mtoto na lake. Siku ya pili tu watoto walitota jasho kwenye treni ya chini ya ardhi, makoti yote nikayabeba mimi. Jioni tukiwa Greenwich mvua ikatukuta, na kwa kuwa raba zao zilikuwa za kitambaa, miguu ikalowa chapachapa. Kitindamimba wangu alilia vidole vinamuuma mpaka tukafika nyumbani. Baridi yenyewe inavumilika. Kinachowatesa watoto ni maji miguuni, upepo shingoni na joto la ndani ya treni, vyote ndani ya saa tatu.

Hatua ya 1: Ijue Aprili ya huko

Mchana wastani ni nyuzi 14 au 15, usiku hushuka hadi 5 au 6. Lakini wastani haukuvishi. Tarehe 19 Aprili 2018 joto lilipanda hadi nyuzi 29 katikati ya jiji, na kuna miaka mingine Aprili huleta mvua ya mawe. Sababu ni kwamba jua la majira ya kuchipua limeshaanza kuipasha ardhi, ila hewa ya juu bado ni ya baridi, na upepo unatoka bahari ya Atlantiki. Basi mawingu huota ghafla mchana, yanamwaga dakika kumi, jua linarudi.

Msiogope wingi wa mvua. London hupata takriban milimita 600 kwa mwaka, na Mombasa yetu hupita 1,000. Tofauti ni kwamba yao ni rasharasha za baridi, na nguo ikilowa haikauki upesi.

Hatua ya 2: Nguo za tabaka

Hapa ndipo penye kazi. Kila mtoto mpangie tabaka tatu anazoweza kuvua na kuvaa mwenyewe, njiani, bila kukusubiri wewe.

Ya ndani ni fulana nyepesi inayobana mwili. Ya pamba tupu hushika jasho na kumpoza mtoto akisimama, kwa hiyo nyuzi za kutengenezwa au sufu laini ni bora. Ya kati ni sweta la zipu mbele, maana la kuvaa kichwani mtoto atagoma kulivua mbele ya watu. Ya juu ni koti jepesi la mvua lenye kofia, kubwa kiasi cha kuingia juu ya sweta.

Makoti hayo nimeyapata Kongowea, na walio Nairobi wana Gikomba. Kabla ya kulipa, mwagia maji kidogo begani, subiri dakika moja, kisha pitisha mkono kwa ndani. Ukihisi unyevu, liache. Angalia na zipu inafika hadi kidevuni.

Suruali za jinzi punguza, zikilowa zinakuwa nzito na hazikauki hadi kesho. Kwa siku saba kila mtoto anatosha na suruali tatu, fulana tano, masweta mawili na koti moja. Soksi usizihesabu kwa siku, beba jozi kumi.

Hatua ya 3: Viatu

Jozi mbili, zote zimevaliwa nyumbani angalau wiki mbili kabla. Moja iwe ya ngozi au plastiki isiyopitisha maji. Kikilowa, kijaze magazeti. Asubuhi za siku za kazi vituo vya treni vina gazeti la bure liitwalo Metro, chukua.

Hatua ya 4: Begi la mgongoni

Watu wanahangaika na sanduku, kumbe siku inaokolewa na hili begi dogo: soksi jozi moja kwa kila mtoto ndani ya mfuko wa plastiki, suruali ya mdogo kabisa, kofia za sufu, mafuta ya midomo, visheti, na kanga mbili. Kanga hufuta benchi lililolowa, hufunika mtoto aliyesinzia kwenye basi, na hufungwa shingoni upepo ukizidi. Mwavuli mmoja wa mtu mzima unatosha, upepo wa kwenye madaraja huipindua yote.

Hatua ya 5: Mahali pa kukimbilia

Mvua ikianza uwe unajua unaelekea wapi. Kituo cha South Kensington kina njia ya chini inayokupeleka karibu kabisa na majumba ya makumbusho ya Natural History Museum na Science Museum, na kote kiingilio ni bure. La sivyo pandeni basi, mkae ghorofani mbele. Watoto wa chini ya miaka 11 hawalipi nauli wakiwa na mtu mzima.

Soketi zao ni za pini tatu kama zetu, adapta usinunue.

Maswali ya wanachama

*Dada shikamoo. Mimi navaa buibui, koti gani litanifaa? (Lamu)*

Marahaba mdogo wangu. Chukua koti linaloishia mapajani, refu sana litakuzuia ngazi za treni. Buibui liwe juu ya kifundo cha mguu, pindo lisikokote maji, na ndani vaa taitsi nene. Mtandio uwe wa kitambaa kinachovutika, wa hariri utapeperuka siku nzima.

*Nina mtoto wa miezi tisa. (Tanga)*

Hongera mama. Kigari kiwe na plastiki lake la mvua, ila livue mkiingia ndani, hewa humo hupata joto haraka. Ukimbeba kwa mbeleko, koti lako lipite juu yenu wote wawili, uso wake ukiwa wazi. Kwenye kiti cha gari mvue koti nene kabla ya kufunga mkanda, maana mkanda hulegea juu yake. Mfunike kanga baada ya kufunga.

*Je, nisubiri kununua hukohuko? (Arusha)*

Ya ziada, ndiyo. Kuna maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani kama Oxfam, na koti zuri la mtoto hupatikana kwa bei ndogo. Lakini sweta na soksi za siku ya kwanza ziwe kwenye begi la mkononi, maana ukitua alfajiri baridi inakupokea mlangoni.

*Mwanangu ana pumu. (Nairobi)*

Pole sana. Aprili miti inatoa chavua, na wengine hubanwa zaidi. Zungumza na daktari wake mapema. Pampu ziwe mbili, zote begi la mkononi pamoja na barua ya daktari, na siku ya upepo mkavu nendeni majumba ya makumbusho, bustani ziacheni hadi mvua ipite.