Anza na futi ya fundi, sufuria itafuata

Mimi ni fundi cherehani, Tanga, na kabla sijasema neno juu ya chakula cha kupunguza hatari ya saratani za wanawake, shoga yangu, chukua futi. Vua kitenge, simama wima, shusha pumzi, kisha izungushe futi kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Usibane tumbo. Nimepima wanawake miaka ishirini, janja hiyo naijua. Ukivuka sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu, anza kujiangalia. Ukivuka 88, anza leo.

Kwa nini kiuno? Dada yangu aliugua saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba, na daktari akatueleza jambo tusilolijua. Hedhi ikishakoma, ovari hupumzika, lakini mafuta ya mwilini huendelea kutengeneza homoni ya estrojeni. Mafuta yakizidi, homoni nayo huzidi, na seli za matiti na za mji wa mimba huchochewa kugawanyika. Ile ya shingo ya kizazi ni habari nyingine: huletwa na kirusi cha HPV, kinga yake ni chanjo na kupimwa.

Basi tuingie jikoni. Kosa langu la kwanza lilikuwa kupiga mafuta marufuku. Siku tatu nyumba nzima ilikula vya kuchemsha. Ya nne nikakuta karatasi za chipsi chini ya kitanda cha mwanangu. Nikabadili mbinu. Dumu nikalifungia kabatini, mafuta yakawa yanapimwa kwa kijiko cha chakula. Tuko watano, na lita moja ilikuwa ikiisha kwa siku nne: kila mtu mililita 50 kwa siku, kalori zaidi ya 400 kabla wali haujapakuliwa. Sasa inafika siku kumi. Kitunguu nakikaanga kwa vijiko viwili, kikianza kushika chini nanyunyiza maji.

Mbaazi za nazi sikuziacha, Mungu apishe mbali! Naziloweka usiku, nazichemsha mpaka zilainike kabisa, halafu nazipika kwa tui jepesi, lile la kukamua mara ya pili. Tui zito natia nusu kikombe mwishoni, sufuria ikikaribia kuepuliwa, nakoroga taratibu lisikatike. Mahamri ni ya Ijumaa. Siku nyingine tunazila kwa muhogo wa kuchemsha. Ugali ni wa dona. Nyuzinyuzi za dona, kunde na mchicha hushibisha mapema, tena husaidia estrojeni iliyomwagwa tumboni pamoja na nyongo itoke na choo badala ya kurudi kwenye damu. Sukari ya chai niliipunguza nusu kijiko kila wiki, kutoka vinne hadi kimoja. Ulimi haukugundua.

Pombe sina lugha tamu nayo. Huongeza hatari ya saratani ya matiti hata ikiwa kidogo, iwe bia, mnazi au mvinyo mwekundu wanaousifia kwa moyo. Bia ya nusu lita peke yake ina karibu gramu 20 za pombe halisi.

Wateja huniuliza kuhusu soya kwenye unga wa lishe. Wameambiwa ina estrojeni. Ina kitu kinachofanana nayo, lakini nguvu yake ni hafifu, na wanawake wa Asia wanaoila tangu utotoni hawajaonekana kuugua saratani ya matiti zaidi kwa sababu yake. Kunywa uji wako. Vidonge vya "kusafisha homoni", hela hiyo kanunulie dagaa.

Dada alianza kutokwa damu miaka miwili baada ya hedhi kukoma, akacheka kwamba ujana umerudi. Akakaa miezi saba hivyo. Wewe usikae: damu yoyote baada ya mwaka mzima bila hedhi, nenda hospitali wiki hiyohiyo, hata kama unakula dona asubuhi na jioni. Chakula hupunguza hatari, hakiifuti. Yeye alifanyiwa upasuaji, yupo, na juzi nimempunguzia gauni inchi mbili kila ubavu. Amelipa nusu ya ufundi. Nusu iliyobaki, anasema, ni haki ya dada mkubwa.