Ukungu ukutani: kazi ya nani, mpangaji au mwenye nyumba?

Wapangaji wenzangu, masika yakiingia huku Mombasa kuta huanza kufanya madoa meusi, na ugomvi hauko mbali. Keretaka atasema hufungui madirisha. Wewe utasema paa linavuja. Kabla hamjabishana, tafuta maji yanatoka wapi. Jibu la hapo ndilo litakaloonyesha nani anafaa kulipa.

1. Liangalie doa. Doa la dari lenye ukingo wa kahawia ni paa, au bafu la jirani wa juu. Linaloanzia sakafuni, rangi ikimenyeka na chumvi nyeupe ikitoka kama unga, mara nyingi ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Vidoadoa nyuma ya kabati aghalabu ni mvuke wa humo humo ndani: mapishi, nguo mbichi, pumzi za watu.

2. Jaribu kwa nailoni. Kausha ukuta, bandika kipande cha nailoni ukubwa wa daftari, ziba pande zote nne kwa selotepu, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wako, ni mvuke wa chumbani. Yakiwa upande wa ukuta, maji yamo ndani. Mwenye nyumba wangu alikuwa amepaka rangi juu ya ukungu mara mbili, na mara mbili ukarudi. Nilipomtumia picha ya nailoni iliyolowa kwa nyuma, ndipo akaleta fundi. Bomba lilikuwa limetoboka ndani ya ukuta.

3. Sheria. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyumba inafaa kukaa binadamu, unapoingia na muda wote wa upangaji. Ukipanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni juu yake. Mvuke ni juu yako: fungua madirisha, anika nje, sogeza kabati shibiri moja kutoka ukutani.

4. Andika. Maneno ya simu hukanwa. Tuma ujumbe wenye picha na tarehe, uombe siku ya fundi.

5. Doa dogo lisafishe. Vaa glavu na barakoa. Jiki usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo. Hutoa gesi ya sumu.

Maswali

*Dada, naweza kukata pesa za fundi kwenye kodi?*
Usikate mpaka akubali kwa maandishi. Kodi ikibaki nyuma anaweza kukuletea dalali akushikie vyombo, na hapo habari ya ukungu haisikilizwi tena.

*Mtoto wangu ana pumu, keretaka hajibu.*
Pole sana, mama. Leo usimlaze chumba hicho. Kisha nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti na picha zako. Ana uwezo wa kukagua nyumba inayodhuru afya na kuagiza irekebishwe.

*Nahama, naye anazuia dipoziti kwa sababu ya ukuta.*
Kifungu cha 66 cha Sheria hiyo ya Ardhi hakikulazimishi kulipia uchakavu wa kawaida. Mwonyeshe picha za siku uliyoingia na jumbe zako. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili.