Namna ya Kumfikishia Samansi Mdaiwa Aliye Nje ya Nchi: Maelezo kwa Wafanyabiashara wa Mwanza

Mfanyabiashara wa mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) au wa minofu ya sangara ambaye mnunuzi wake wa ng'ambo amepokea mzigo na kukataa kulipa anaweza kufungua kesi Mwanza, mradi mkataba wao au mahali deni lilipozaliwa panaipa mahakama ya hapa mamlaka ya kuisikiliza. Kesi nyingi za namna hii hazikwami kwenye ushahidi wa deni, ambao mara nyingi upo kwenye ankara na hati za usafirishaji. Hukwama kwenye kumfikishia mdaiwa samansi, yaani wito wa mahakama, na hati ya madai kwa njia ambayo hakimu ataikubali leo, na ambayo mahakama ya nchi ya mdaiwa haitaikataa siku mtakapokwenda kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, huko.

Kabla ya kufikiria ubalozi wowote, hakikisha kwamba mdaiwa kweli hayupo hapa nchini kisheria. Kampuni ya kigeni iliyofungua tawi Tanzania inatakiwa na Sheria ya Makampuni kuwasilisha kwa Msajili wa Makampuni jina na anwani ya mkazi wa Tanzania aliyeidhinishwa kupokea hati za mahakama kwa niaba yake, kwa hiyo upekuzi wa kumbukumbu za BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni hatua ya kwanza, nayo ni rahisi kuliko zote zinazofuata. Vilevile Amri ya V ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inatambua samansi aliyopewa meneja au wakala anayemwendeshea mdaiwa biashara hiyo hiyo katika eneo la mahakama. Dalali aliyepokea tu mzigo mara moja pale Kirumba si lazima awe wakala wa aina hiyo, na ni busara kukusanya uthibitisho wa kazi anayoifanya kabla ya kumkabidhi karatasi.

Akikosekana mtu wa namna hiyo, ndipo safari ya nje inapoanza, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Kufikisha samansi ni tendo la mamlaka ya dola, na mamlaka ya msambaza nyaraka wa mahakama za Tanzania yanakoma mpakani. Akivuka Sirari au Mutukula anakuwa msafiri kama wengine. Kumpa bahasha nahodha anayekwenda Port Bell, Uganda, au kumtumia mdaiwa picha za hati kwa simu bila ruhusa ya mahakama, kunamwarifu mdaiwa lakini hakukupi uthibitisho utakaosimama. Mwombe wakili wako awasilishe maombi yenye kiapo kinachoeleza mdaiwa yuko wapi, anwani yake ilijulikanaje, na njia gani inapendekezwa, kisha subiri amri ya mahakama.

Njia zenyewe zinategemea nchi. Amri ya V inaruhusu posta kwa mdaiwa aliye nje ambaye hana wakala nchini, lakini ruhusa yetu haiifungi nchi nyingine: Ujerumani, China na India, kwa mfano, zimepinga hati za mahakama za kigeni kuingia kwao kwa posta hata chini ya Mkataba wa The Hague wa tarehe 15 Novemba 1965 kuhusu kufikisha hati za mahakama nje ya nchi, ambao wao ni wanachama. Mkataba huo umeweka Mamlaka Kuu katika kila nchi mwanachama ili ipokee maombi moja kwa moja na kurudisha cheti. Tanzania si mwanachama, hivyo mdai wa Mwanza hawezi kuudai kama haki yake. Njia salama zaidi kwetu ni barua ya maombi kutoka mahakamani, inayopitia kwa Msajili wa Mahakama, Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi, hadi mahakama ya huko itakayoikabidhi kwa utaratibu wake.

Njia hiyo ni ndefu, nayo huchukua miezi. Omba tarehe ya kutajwa kesi iwe mbali, kwa sababu samansi inayomfikia mdaiwa baada ya tarehe yake kupita haina faida. Andaa nakala za ziada zenye muhuri wa mahakama, moja irudi na cheti. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, jambo jema kwa mdai, ila mpokeaji wa Guangzhou anahitaji tafsiri ya Kichina iliyothibitishwa. Usimwachie mdaiwa nafasi ya kusema hakuelewa alichopewa. Jina la kampuni liandikwe kama lilivyosajiliwa kwao, si kama lilivyo kwenye ukurasa wa WhatsApp wa mnunuzi.

Tangazo gazetini liwe la mwisho, baada ya kuonyesha kwa kiapo kwamba njia nyingine zimeshindikana, na litolewe katika gazeti linalosomwa anakoishi mdaiwa.

Cheti kikirudi, kiwasilishwe mahakamani pamoja na kiapo cha ufikishaji kinachotaja siku, mahali, mpokeaji na cheo chake. Hapo tu ndipo uombe kesi isikilizwe upande mmoja iwapo mdaiwa hajajibu, kwa kuwa hukumu iliyotolewa bila ufikishaji sahihi inaweza kutenguliwa chini ya Amri ya IX ya Sheria hiyo hiyo ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, hata kama deni lenyewe halina ubishi.